Kufundisha Somo la Kuorodhesha Mafaili Katika Tovuti

Miongoni mwa kazi ambazo wanachuo wetu wa somo la TEHAMA hupewa, imo moja ambayo kwa nje huonekana ndogo mno: kutengeneza ukurasa wa tovuti utakaoonyesha orodha ya mafaili yaliyomo katika folda fulani, na orodha hiyo ijirekebishe yenyewe kila faili linapoongezwa au kuondolewa. Wengi huimaliza kwa saa moja, wakafurahi, wakadhani somo limekwisha. Sisi wenyewe tuliifundisha hivyo kwa muda, mpaka tulipopata sababu ya kuitazama upya. Makala haya yanakusudia kuieleza sababu hiyo, na kuwapa wakufunzi wenzetu mpango wa kulifundisha somo hili ambao tumeujaribu.

Jambo lililotokea

Maparoni ni kata iliyomo katika delta ya mto Rufiji, Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Ni nchi ya visiwa, vijito na mikoko, na msitu wa mikoko wa delta hiyo, wenye hekta zipatazo 50,000, ndio mkubwa kuliko mingine yote katika pwani ya Tanzania. Watu husafiri huko kwa chombo, na msafiri hana budi kufuata maji: siku za maji mafu vijito vidogo havijai vya kutosha, na mwenye mashua aliyechelewa hukwama matopeni akingoja maji yajae tena. Kwa mwalimu aliyeko huko, kusema "nitakwenda chuoni nikachukue muhtasari" si neno jepesi. Ndiyo maana tovuti ya chuo, ambayo kwa mkazi wa mjini ni urahisi tu, kwake yeye ni chombo cha kazi.

Mwezi wa Januari 2024 mtaala mpya wa elimu ya msingi ulianza kutumika katika baadhi ya madarasa, likiwamo Darasa la Tatu. Chuo chetu kiliiweka mihtasari mipya katika folda ya tovuti siku chache kabla shule hazijafunguliwa. Lakini ukurasa uliokuwa na orodha ya mafaili hayo ulikuwa umeandikwa kwa mkono, mstari kwa mstari, na yule miongoni mwetu aliyekuwa na zamu ya kuurekebisha alikuwa na kazi nyingine. Hakuurekebisha. Mwalimu mmoja aliyesomea kwetu, ambaye sasa anafundisha Darasa la Tatu katika kata ya Maparoni, aliufungua ukurasa huo kwa simu yake, akauona muhtasari mmoja tu wa somo lake, akaupakua, akaufanyia azimio la kazi. Ulikuwa wa zamani. Alikwisha kufundisha wiki saba alipokuja kujua, na aliyemjulisha ni mwalimu mwenzake wa shule nyingine, wala si sisi. Muhtasari mpya ulikuwamo katika folda muda wote huo.

Tulilirekebisha kosa hilo kwa haraka, na haraka ikatuzalia kosa la pili. Tuliandika programu fupi iliyoisoma folda nzima na kuyaonyesha mafaili yote, yapatayo 600, katika ukurasa mmoja. Na kando ya kila jina tukaweka kijipicha cha jalada la kitabu. Pale chuoni ukurasa ulifunguka mara moja, tukapongezana. Maparoni haukufunguka kabisa.

Hebu tupige hesabu, kwa maana hesabu hii ndiyo tunayowapa wanachuo siku ya kwanza. Tuchukulie kwamba kila mstari wa orodha una baiti 200, na kila kijipicha kina baiti 15,000. Mistari 600 ni baiti 120,000, na vijipicha 600 ni baiti 9,000,000. Mahali ambapo mtandao hushika kwa shida, ukapitisha baiti 5,000 tu kwa sekunde, mistari peke yake itachukua sekunde 24, lakini vijipicha vitachukua sekunde 1,800, yaani nusu saa. Kifurushi cha mwalimu kitakwisha kabla orodha haijakwisha, naye bado hajapakua hata faili moja. Tukiondoa vijipicha na kuonyesha mafaili 25 tu kwa ukurasa, twapata baiti 5,000, yaani sekunde moja. Wanachuo huifanya hesabu hii ubaoni wenyewe, na twaona kwamba huikumbuka kuliko maelezo yetu yoyote.

Kuanza na stoo ya vitabu

Tumetambua kwamba mwanachuo anayeanza moja kwa moja na kompyuta hujifunza amri, asijifunze sababu. Kwa hiyo katika kipindi cha kwanza hatuwashi kompyuta. Twaanza na stoo ya vitabu ya shule ya msingi, ambayo kila mmoja wao ameiona.

Mwalimu mgeni amefika, anamwuliza mtunza stoo: humu mna vitabu gani? Mtunza stoo anaweza kujibu kwa njia tatu. Anaweza kumwonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni, iliyoandikwa na fulani zamani zile. Anaweza kuingia ndani na kuhesabu vitabu vyote kila anapoulizwa. Au anaweza kuweka leja, kisha akaufunga mlango kwa lakiri: akiulizwa huitazama lakiri kwanza, ikiwa nzima husoma leja, ikiwa imevunjwa huingia ndani, akahesabu upya, akaandika leja mpya na kutia lakiri nyingine.

Karatasi ya mlangoni ndiyo orodha iliyoandikwa kwa mkono, iliyompoteza mwalimu wa Maparoni. Kuhesabu kila mara ndiyo programu inayoisoma folda kila ukurasa unapofunguliwa. Haidanganyi, lakini hufanya kazi ileile mara nyingi bila haja. Leja yenye lakiri ni orodha ya akiba, ambayo seva huitengeneza mara moja na kuitumia mpaka folda ibadilike.

Wanachuo karibu wote huichagua njia ya tatu, na hapo ndipo mkufunzi awaulize swali gumu: je, mtu akibadilisha kurasa za ndani ya kitabu bila kuugusa mlango, lakiri itavunjika? Haitavunjika. Na ndivyo ilivyo katika kompyuta. Folda ina tarehe yake ya mabadiliko, na tarehe hiyo hubadilika faili linapoongezwa, linapofutwa au linapopewa jina jingine. Lakini maandishi ya faili lililokwishakuwamo yakibadilishwa palepale, tarehe ya folda hubaki vilevile. Hali kadhalika, faili likiongezwa katika folda ndogo iliyomo ndani, tarehe ya folda kubwa haijui. Mwanachuo asiyelijua jambo hili ataandika programu itakayofanya kazi vizuri siku ya mtihani na kudanganya watu mwezi unaofuata.

Zoezi la kadi

Vifaa vya zoezi hili ni kasha la viatu na kadi 40 zilizokunjwa. Kwa nje kila kadi ina jina la faili. Kwa ndani ina ukubwa wake na tarehe yake. Mwanachuo mmoja ni kivinjari, wa pili ni seva, wa tatu ni diski, na wa nne anahesabu ubaoni kila kadi inapokunjuliwa.

Kwanza kivinjari huomba majina tu. Diski huyasoma majina ya nje, na hakuna kadi inayokunjuliwa. Kisha kivinjari huomba majina pamoja na ukubwa na tarehe. Sasa diski hana budi kukunjua kadi zote 40, na darasa lote huona jinsi kazi inavyochukua muda. Halafu huomba mafaili kumi ya kwanza kwa kufuata alfabeti, pamoja na ukubwa na tarehe. Wanachuo wengi hapa hukosea: seva huamuru kadi zote zikunjuliwe, zipangwe, kisha zichukuliwe kumi. Mwache akosee, na hesabu iandikwe ubaoni. Halafu waulize darasa kama kulikuwa na haja. Mmoja atasema kwamba majina yapo nje, basi yapangwe kwanza, zikatwe kadi kumi, na hizo kumi tu ndizo zikunjuliwe. Kutoka 40 mpaka 10, kwa kubadili mpango wa hatua peke yake.

Duru ya mwisho ndiyo tuipendayo. Kivinjari huomba mafaili kumi yaliyo mapya kuliko yote. Darasa hunyamaza kidogo, kwa kuwa tarehe zimo ndani, na hakuna njia ya kujua lipi jipya bila kukunjua zote. Hapo leja inaanza kuwa na maana kwao: ikiwa watu watataka sana "yaliyo mapya", basi tarehe ziandikwe mahali pamoja mara moja.

Baada ya zoezi hili amri za kompyuta huwa rahisi kueleza. Lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 kwa ajili ya kurasa zake mwenyewe, ina readdir, inayotoa jina moja moja, na scandir, inayoyaleta yote yakiwa yamekwisha kupangwa kialfabeti. Katika Python kulikuwa na listdir, iliyotoa majina matupu, ikambidi mwandishi wa programu aiulize diski tena kwa kila jina kama ni faili au ni folda. Toleo la 3.5 la mwaka 2015 lilileta scandir, ambayo aghalabu huyaleta majina pamoja na habari hiyo kwa safari moja. Lakini katika mashine za Linux ukubwa na tarehe bado huulizwa kwa kila faili. Kadi bado zinakunjuliwa. Wanachuo waliocheza zoezi huelewa tofauti hii bila kuelezwa mara mbili.

Hatuna budi kusema pia kwamba kwa folda ndogo pengine programu haihitajiki. Seva ya Apache, iliyoanza mwaka 1995, inaweza kuiorodhesha folda yenyewe, pamoja na majina, tarehe na ukubwa, bila mwalimu kuandika hata mstari mmoja. Mwanachuo anayetumia saa nne kuandika kile ambacho seva inacho tayari aulizwe ni kwa nini. Jibu zuri lipo, nasi tutalifikia katika mambo ya usalama.

Orodha ya akiba na njia ya kuitunza

Tuchukue folda inayobadilika mara mbili kwa wiki na ukurasa unaofunguliwa mara 300 kwa siku. Kwa wiki moja seva ikihesabu kila mara itaisoma folda mara 2,100. Ikihesabu pale tu panapobadilika, itaisoma mara mbili. Kwa hiyo kanuni tunayoisisitiza ni kwamba kazi ifanywe wakati faili linapoingia, isingoje msomaji anapouliza. Programu ya kupokea mafaili ndiyo iandike leja.

Leja yenyewe iandikwe kwa hadhari. Programu ikianza kuiandika leja mpya juu ya ile ya zamani, na msomaji akafika katikati, atapewa nusu ya orodha. Dawa yake ni kuandika leja mpya kwa jina la muda, na ikikamilika ndipo ipewe jina lake la kudumu. Katika diski ileile, badiliko hilo la jina hutokea kwa mara moja, na hakuna msomaji atakayeiona nusu. Dawa hiyohiyo inafaa kwa mafaili yenyewe. Kitabu cha baiti milioni 20 kinachopakiwa polepole huonekana katika folda kabla hakijakamilika, na mwalimu akikipakua wakati huo hupata faili bovu, akadhani simu yake ndiyo mbovu.

Kwa watu wa Maparoni ipo faida nyingine. Kivinjari kilichokwisha kuipokea orodha huweza kuihifadhi, na mara nyingine kikaiuliza seva: je, imebadilika tangu tarehe fulani? Isipobadilika, seva hujibu kwa namba 304, maana yake hakuna jipya, wala haitumi orodha tena. Jibu hilo ni dogo sana. Mwalimu anayetazama kila Jumatatu kama kuna muhtasari mpya hulipia baiti chache tu, isipokuwa siku ambayo muhtasari mpya umefika kweli. Aidha, seva ikibana orodha kabla ya kuituma, ukubwa hupungua sana, kwa kuwa mistari ya orodha hufanana.

Mafaili yakiwa maelfu, na watu wakitaka kutafuta kwa somo, kwa darasa na kwa mwaka, leja ya kawaida haitoshi na yafaa kutumia hifadhidata. Jambo hilo lina kipindi chake, hatutalisema zaidi hapa.

Majina ya mafaili

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi tuliyoyaona katika kazi za wanachuo hutoka katika majina, wala si katika programu.

Kompyuta hupanga majina herufi kwa herufi. Kwa hiyo Mada 1 hufuatwa na Mada 10 na Mada 11, ndipo ije Mada 2. Mwalimu anayesoma kutoka juu kwenda chini atafundisha mada ya kumi kabla ya mada ya pili. PHP ina natsort, inayopanga kwa thamani ya namba. Lakini njia iliyo rahisi zaidi ni kuandika 01, 02, 03 tangu mwanzo. Jambo la kuchekesha ni kwamba namba za Kirumi tunazoziandika katika shule zetu hupangika sawasawa zenyewe: I, II, III, IV, V, VI, VII. Ni bahati tu. Tungekuwa na Darasa la IX, lingekaa kati ya la IV na la V.

Tarehe nazo zianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-01-08. Zikiandikwa hivyo hupangika kwa alfabeti na kwa wakati pamoja. Zikiandikwa kwa kuanza na siku, huchanganyika ovyo. Tena tarehe iliyomo katika jina haipotei faili linapohamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine, ilhali tarehe iliyowekwa na kompyuta mara nyingi hugeuka kuwa siku ya kunakili.

Kisha kuna jambo la lugha yetu wenyewe. Maneno kama ng'ombe, ng'ambo na ung'avu yana alama ya ritifaa. Mwanachuo mmoja alitengeneza orodha iliyofanya kazi kwa mafaili yote isipokuwa lile lililoitwa "Ufugaji wa ng'ombe". Kiungo chake kilikatika baada ya herufi ng. Alitafuta kosa siku mbili. Sababu yake ni kwamba alikifunga kiungo kwa alama ya ritifaa moja kila upande, na ritifaa ya ng'ombe ikachukuliwa kuwa ndiyo mwisho wa kiungo. Katika PHP jina liandikwalo katika ukurasa lipitishwe kwanza katika htmlspecialchars, na lile liingialo katika kiungo lipitishwe katika rawurlencode. Ifahamike kwamba kabla ya toleo la 8.1 la mwaka 2021, htmlspecialchars haikuigusa ritifaa moja mpaka iambiwe. Na seva nyingi za zamani bado zinatumia matoleo hayo. Kwa hiyo tunawataka wanachuo wote wajaribu programu zao kwa faili lenye ng'ombe katika jina, lenye nafasi kati ya maneno, na lenye alama ya &. Programu isiyopita jaribio hilo hairudishwi na alama.

Usalama

Tulisema kwamba Apache huweza kuiorodhesha folda yenyewe. Ubaya wake ni kwamba huorodhesha karibu kila kitu kilichomo. Mkufunzi akiacha rasimu ya mtihani katika folda hiyo kwa dakika kumi, ameitangaza kwa dakika kumi. Akiacha jedwali la alama za wanachuo, ameyaweka hadharani mambo ya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si kosa la adabu tu. Programu yetu wenyewe huonyesha aina za mafaili tulizozitaja tu, na ndilo lile jibu zuri tulilolitaja hapo juu. Hata hivyo kinga ya kwanza ni folda mbili: moja ya kazi, isiyofikiwa na tovuti, na moja ya yaliyokwisha kukubaliwa.

Hatari ya pili ni ya programu zinazopokea jina la folda kutoka katika anwani ya ukurasa. Msomaji halali huandika sayansi. Mkorofi huandika nukta mbili na mkwaju, mara mbili au tatu, akapanda kutoka folda hadi folda mpaka afike mahali pasipomhusu. Katika darasa twamruhusu mwanachuo mmoja aishambulie programu ya mwenzake kwa njia hii, katika mashine ya mazoezi isiyo na siri. Mshangao wa mwenye programu hufundisha kuliko onyo. Kinga yake ni kuwa na orodha ya folda zinazoruhusiwa, na kukataa jina lolote lisilokuwamo.

Mashine ndogo

Baada ya mambo haya tulipeleka Maparoni mashine ndogo aina ya Raspberry Pi, yenye kadi ya kumbukumbu na mtandao wake mdogo usio na intaneti. Walimu wa shule huunganisha simu zao nayo wakiwa ofisini, wakapata mihtasari na vitabu bila kutumia kifurushi. Mafaili mapya huenda kwa flashi, katika mfuko wa plastiki, pamoja na yeyote anayesafiri kwa chombo. Huko hakuna mtu wa kuandika kurasa. Flashi huchomekwa, mafaili hunakiliwa, na orodha haina budi kujitengeneza. Kazi tuliyokuwa tukiipa jina la zoezi ikawa ndiyo mashine yenyewe.

Wanachuo waliotengeneza programu yake walilinganisha tarehe: kama folda ni mpya kuliko leja, leja iandikwe upya. Chuoni ilifanya kazi. Maparoni iligoma baada ya siku tatu. Mafaili mapya yalinakiliwa, orodha ikabaki ya zamani, kosa lilelile la mwanzo likarudi kwa mlango mwingine. Ilitubidi tufikiri sana kabla ya kuipata sababu. Mashine ya aina ile tuliyoipeleka haina betri ya kutunzia saa. Kwa kawaida huipata saa sahihi kutoka katika intaneti. Isipokuwapo intaneti, umeme ukikatika na kurudi, mashine huendelea na saa iliyoibakiza kabla ya kuzimika. Kila ilipozimwa usiku ilibaki nyuma. Lakini leja ya kwanza iliandikwa chuoni, kwa saa sahihi, na mafaili ya Maparoni yakaingia kwa saa iliyochelewa. Basi folda ikaonekana ya zamani kuliko leja, na programu ikaona hapana haja ya kufanya lolote.

Marekebisho yalikuwa ya neno moja. Badala ya kuuliza kama tarehe ya folda ni mpya kuliko ya leja, programu sasa huandika ndani ya leja tarehe ile folda iliyokuwa nayo wakati wa kuhesabu, kisha huuliza kama tarehe ya sasa ni tofauti na hiyo. Iwe mbele, iwe nyuma, ikitofautiana orodha huandikwa upya. Juu ya hayo, kila mashine inapowashwa leja hufutwa, kwa kuwa kuhesabu mafaili 600 mara moja kwa siku si mzigo. Suala hili sasa tumelitia katika mtihani wa vitendo: mwanachuo hupewa mashine ambayo saa yake imerudishwa nyuma miezi miwili, bila kuambiwa, na huombwa aeleze kwa nini orodha haibadiliki.

Yule mwalimu wa Darasa la Tatu ndiye anayeitunza mashine hiyo. Tulipokwenda kusimamia mazoezi ya kufundisha, alituambia kwamba orodha inafaa, ukubwa wa kila faili unaonekana, lakini ina upungufu mmoja. Muhtasari wa zamani tulikwisha kuuondoa, na orodha haikusema kitu. Lilitoweka jina tu, na mwalimu aliyeupakua mwezi uliopita hana njia ya kujua kwamba alichonacho kimefutwa. Hatukuwa tumelifikiria jambo hilo. Programu inayoisoma folda huweza kuonyesha kilichomo, wala haiwezi kuonyesha kilichoondoka. Kwa hiyo wanachuo wa mwaka huu wanaandika leja ya pili, ambayo jina likitoweka katika folda huhamishiwa humo pamoja na jina la faili lililoshika nafasi yake, likabaki chini ya orodha, kwa wino mwekundu, muhula mzima.